TELEVISHENI YA HD KUWA KIOO CHA KOMPYUTA: MAMBO YA KUZINGATIA



Wanafunzi wetu wapenzi, pamoja nanyi wazazi na walezi mnaolisoma jarida hili la madrasa yetu kila mwaka, tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena. Katika toleo hili tumeona tulizungumzie swali ambalo wengi wenu mmetuuliza tangu mlipoona darasani kwetu televisheni ikitumika pamoja na kompyuta. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu mwenye televisheni ya HD nyumbani ana haja ya kununua kioo kingine cha kompyuta, au hiyo hiyo yatosha?

Jawabu fupi ni kuwa yatosha, tena kwa kazi nyingi inafaa sana. Hata hivyo ina masharti yake. Asiyeyajua masharti hayo anaweza kupata hasara ya fedha, na anaweza kupata hasara nyingine kubwa kuliko ya fedha, kama ile iliyotufika sisi walimu wenu. Tutaanza na hiyo.

JAMBO LILILOTUFIKA

Aliyekuwa mwanafunzi wetu, ambaye sasa anafanya kazi Mwanza, alitupatia kompyuta. Ilikuwa ni CPU, kibodi na mausi tu, kwani kioo chake kilikuwa kimevunjika. Mzazi mmoja naye alikuwa ametuachia televisheni bapa ya inchi 32. Tukapanda gari hadi Bunda mjini, tukanunua waya wa HDMI, tukaunganisha, na picha ikatoka. Watoto walipiga takbira kwa furaha.

Tukaandaa somo la kusoma Kiarabu. Ili lipendeze, tukapaka ukurasa rangi ya kijani iliyokoza, tukaandika herufi kwa rangi nyeupe, na irabu zake, yaani fat-ha, kasra na dhamma, tukazitia rangi nyekundu. Tulikuwa tumesimama karibu na kioo, fimbo mkononi, na kila kitu tulikiona kiko sawa.

Katika wiki ya pili kijana mmoja alisimamishwa asome. Neno lilikuwa "rajul", maana yake mwanamume. Yeye akasoma "rijl", maana yake mguu. Darasa likacheka. Akapewa neno la pili, "jabal", ambalo ni mlima, akasoma "habl", ambayo ni kamba. Tukamkemea. Yalipotokea hayo mara ya tatu tukamwita baba yake, mvuvi wa dagaa, tukamwambia kuwa kijana wake harudii masomo. Baba akafikiri huenda ni macho. Akaacha kazi siku nzima akampeleka hospitali kupimwa, wakaambiwa macho ni mazima.

Siku iliyofuata kijana alikuja na juzuu yake ya karatasi. Akayatafuta humo maneno yale yale, akayasoma yote bila kosa. Kisha akasema kwa adabu, "Ustadh, mimi nasoma ninachokiona pale."

Ndipo kwa mara ya kwanza tukaenda kukaa pale alipokuwa akikaa yeye. Kusema kweli hatukuziona zile irabu. Palikuwa na ukungu mwekundu tu juu ya kijani, na nukta ya jim ilikuwa imemezwa na herufi yake. Sisi tulikuwa "tunaona" kwa sababu maneno tulikuwa tunayajua kwa moyo. Yeye, ambaye alikuwa bado anajifunza, alilazimika kubahatisha.

Tulimwomba radhi mbele ya darasa, na baba yake tukamfuata nyumbani. Wakati huo fundi mmoja alikuwa ameshatuambia kuwa televisheni ni mbovu na inabidi tununue kioo kipya, nasi tulikuwa tumeanza kuandika barua ya kuwaomba wazazi mchango. Barua ile hatukuituma. Televisheni haikuwa mbovu. Ilikuwa imewekwa kama televisheni, na sisi tulikuwa tunaitaka iwe kompyuta.

VITU VIWILI VYENYE KAZI MBILI

Ndugu msomaji, televisheni na kompyuta ni vitu viwili vilivyotengenezwa kwa makusudi tofauti. Hapa kwetu vyote viwili vilichelewa kuwafikia watu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kupata hasara. Televisheni ilitangulia Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikasubiri hadi mwaka 1994. Kwa hiyo wazee wetu wengi walivipokea vyote viwili karibu wakati mmoja, na ni rahisi kudhani kuwa ni kitu kimoja chenye sura mbili.

Kuunganisha kompyuta na televisheni si jambo geni. Huko Uingereza na Marekani, katika miaka ya 1980, kompyuta ndogo za nyumbani kama ZX Spectrum na Commodore 64, zote za mwaka 1982, zilikuwa zikichomekwa kwenye televisheni ya sebuleni. Mwaka 2012 Waingereza wakatoa kompyuta ndogo ya bei nafuu iitwayo Raspberry Pi, ambayo ukubwa wake ni wa kadi ya mfukoni, na kusudio lake lilikuwa hilo hilo, kwamba mtoto achomeke kwenye televisheni iliyopo nyumbani aanze kujifunza.

Lakini televisheni zile za zamani, ambazo sisi huziita TV za chogo, hazikuwa na uwezo wa kuonyesha maandishi madogo. Picha yake ilikuwa na mistari 625, na katika hiyo ni 576 tu iliyobeba picha yenyewe. Herufi za kompyuta ya leo zikipita humo hutoka kama maandishi yaliyolowa maji. Ndiyo maana tunasema televisheni ya HD. Maneno hayo yana maana ya picha yenye ubora wa juu, na hapo ndipo maandishi yanapoanza kusomeka.

TUNDU LA NYAVU

Kioo bapa kimefanywa kwa chembe ndogo ndogo za mwanga ziitwazo pikseli. Kila pikseli huwaka rangi moja kwa wakati mmoja. Picha nzima, hata iwe nzuri vipi, ni mkusanyiko wa pikseli hizo.

Watu wa Guta hawahitaji mfano mwingine zaidi ya nyavu. Nyavu ya sangara ina matundu makubwa, na ukiitupa kwenye dagaa wote watapita. Nyavu ya dagaa ina matundu madogo, nayo hukamata kilicho kidogo. Kioo nacho ni hivyo hivyo. Kioo chenye pikseli kubwa hukamata uso wa mtu, mpira na mbuga, lakini nukta moja ya jim itapita tunduni.

Kuna aina tatu za televisheni za HD ambazo mtazikuta madukani:

1. HD Ready. Nyingi zina pikseli 1366 kwa upana na 768 kwa urefu, yaani kama pikseli milioni moja.

2. Full HD. Hizi zina pikseli 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni mbili.

3. 4K. Hizi zina pikseli 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni nane.

Sasa angalieni jambo hili. Idadi ya pikseli haibadiliki kwa sababu televisheni ni kubwa. Full HD ya inchi 22 na Full HD ya inchi 43 zina pikseli sawa sawa. Tofauti ni kuwa katika ile kubwa kila pikseli imetanuliwa. Kwa hesabu, kioo cha Full HD cha inchi 22 kina pikseli 100 katika kila inchi moja. Cha inchi 32 kina 69, na cha inchi 43 kina 51. Televisheni ya inchi 32 iliyo HD Ready tu ina 49. Kwa hiyo anayedhani kuwa televisheni kubwa zaidi lazima iandike vizuri zaidi amekosea. Ikiwa utakaa karibu, kubwa ndiyo itakayokuonyesha chembe chembe.

KWA NINI TELEVISHENI HUHARIBU MAANDISHI

Kompyuta hutuma picha ikiwa na kila pikseli mahali pake, na hutaka ionyeshwe kama ilivyo. Televisheni kwa tabia yake haikubali kuonyesha kitu kama kilivyo. Imezoea kupokea picha za matangazo, kuzipamba, kisha kuzionyesha. Mapambo hayo ni mema kwa taarifa ya habari, lakini kwa maandishi ni madhara. Yaliyo makubwa ni manne.

La kwanza ni kukata kingo. Katika TV za chogo kingo za picha hazikuwa zimenyooka, basi watengenezaji wakawa wanaikuza picha kidogo ili kingo mbovu zijifiche nyuma ya fremu. Televisheni bapa hazina tatizo hilo, lakini nyingi zimerithi tabia hiyo, na bado hukata sehemu ndogo kila upande. Kwa kompyuta hii ina maana kuwa saa iliyo pembeni chini haionekani, na alama ya kufunga programu iliyo juu nayo haionekani. Kwa anayesoma Kiarabu, ambacho huanzia kulia, herufi za mwanzo wa mstari zinaweza kukatwa. Tena kwa kuwa picha imekuzwa, hakuna pikseli hata moja iliyobaki mahali pake, na maandishi yote hupata ukungu.

La pili ni kulazimisha kipimo. Kompyuta ikituma picha ya pikseli 1920 kwenye kioo chenye 1366, televisheni huipokea na kuibana. Mwenye kusuka mkeka anajua kuwa ua lililohesabiwa kwa miyaa 1920 haliwezi kusukwa kwa miyaa 1366 bila kuharibika. Baadhi ya mistari myembamba itanenepa na mingine itapotea.

La tatu ni kupunguza rangi. Jicho la mwanadamu huona tofauti ya mwanga na giza kwa undani mkubwa, lakini tofauti ya rangi huiona kwa undani mdogo. Wataalamu wa televisheni walitumia jambo hili kuokoa nafasi. Hutuma mwanga wa kila pikseli, lakini rangi moja huigawa kwa pikseli nne za jirani. Katika picha ya mtu au ya ziwa huwezi kutambua. Lakini ukiandika kwa nyekundu juu ya kijani kilichokoza, ambavyo mwanga wake unakaribiana, basi kinachoitenganisha herufi na ukurasa ni rangi peke yake, na rangi ndiyo iliyopunguzwa. Hapo ndipo irabu zetu zilipopotelea. Lau tungeandika kwa nyeusi juu ya nyeupe tangu mwanzo, kijana yule asingekemewa.

La nne ni kunoa picha. Televisheni nyingi huchora kiukingo cheupe kuzunguka kila kitu ili picha ionekane kali. Kwenye herufi, kiukingo hicho hujaza nafasi iliyopo kati ya herufi na nukta yake.

Zaidi ya hayo, mapambo yote huchukua muda. Ndiyo maana ukisogeza mausi, mshale hufuata nyuma kidogo kama mtu aliyechoka. Wengi hudhani kompyuta ni nzito, kumbe ni televisheni ambayo bado inapamba.

HATUA ZA KUFUATA

Hizi ndizo hatua tulizozifuata sisi, nanyi mnaweza kuzifuata kwa utaratibu huu.

1. Anza na waya. Zima vyote viwili kabla ya kuchomeka. Waya bora ni HDMI, ambao umekuwepo tangu mwishoni mwa mwaka 2002, na hubeba picha na sauti kwa pamoja. Kompyuta nyingi za zamani zina tundu la VGA lenye matundu madogo 15. Hilo linatumika ikiwa televisheni inalo pia, lakini halibebi sauti. Jihadharini na waya wa bei rahisi wenye VGA upande mmoja na HDMI upande wa pili bila kifaa chochote cha kubadilisha katikati. Hauwezi kufanya kazi kati ya kompyuta na televisheni, kwa sababu lugha ya VGA na ya HDMI ni mbili tofauti na lazima awepo mkalimani. Ama tundu la DVI, hilo lugha yake ya picha ni moja na HDMI, na kiunganishi rahisi kinatosha.

2. Msinunue waya wa bei kubwa kwa sababu umepakwa dhahabu. Kwa urefu wa mita mbili au tatu, waya wa kawaida ulio mzima huleta picha ile ile. Ukiwa mbovu utaona picha inakatika au vinukta vinameta meta. Hautaleta picha yenye ukungu.

3. Weka kipimo halisi cha kioo. Tazama kitabu cha televisheni ujue ina pikseli ngapi. Kisha kwenye kompyuta ya Windows bofya kwa kitufe cha kulia mahali patupu, ingia kwenye mipangilio ya kioo, uchague kipimo hicho hicho. Zipo televisheni za 1366 ambazo hukubali 1360 kwa 768, na hiyo nayo ni nzuri. Maandishi yakiwa madogo, msishushe kipimo. Ongezeni ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125 au 150 katika mipangilio hiyo hiyo.

4. Zuia televisheni isikate kingo. Chukua rimoti, ingia sehemu ya ukubwa wa picha. Kila kampuni ina jina lake. Utakuta "Just Scan", au "Screen Fit", au "Full Pixel", au "1:1". Ukiona mstari wa chini wa kompyuta na saa yake vimeonekana vyote, umefaulu. Baadhi ya kompyuta zina sehemu ya kuibana picha ili iingie kwenye fremu. Msikimbilie hiyo, kwa kuwa kuibana nako huleta ukungu. Tengenezeni televisheni kwanza.

5. Iambie televisheni kuwa hii ni kompyuta. Katika orodha ya matundu nyingi hukubali ulipe tundu jina. Lipe jina "PC". Katika baadhi ya televisheni jina hilo si pambo tu, bali ndilo linaloizuia isipunguze rangi. Nyingine zina tundu maalumu lililoandikwa "PC" au "DVI". Kama televisheni yako haina hili, bado inafaa, ila uandike nyeusi juu ya nyeupe.

6. Punguza mapambo. "Sharpness" irudishe 0, isipokuwa kwa televisheni chache ambazo kipimo chake cha kawaida ni katikati. Kama kuna "Game", iwashe, na mshale wa mausi utaacha kuchelewa. Picha isiwe "Vivid" wala "Dynamic", kwani mwanga huo ni wa kuvutia wateja dukani, na ukikaa mbele yake kwa saa moja macho yatauma.

7. Jaribu kabla ya kufundisha. Andika maneno machache ambayo tofauti yake ni nukta au irabu, kama rajul na rijl, jabal na habl. Andika mara moja kwa nyeusi juu ya nyeupe, na mara ya pili kwa nyekundu. Kisha mwite mtu asiyeyajua maneno hayo, akae mahali pa mbali kabisa, akwambie anaona nukta ngapi na ziko wapi. Usijijaribu mwenyewe. Aliyehifadhi si shahidi wa kioo.

KUKAA MBALI KIASI GANI

Kioo chenye pikseli kubwa si cha kukaribiwa. Kwa hesabu ya uwezo wa jicho zima, televisheni ya inchi 32 iliyo HD Ready huacha kuonyesha chembe chembe ukiwa umbali wa takriban mita 1.8. Ya inchi 32 iliyo Full HD ni mita 1.3. Ya inchi 43 iliyo Full HD ni mita 1.7. Kioo cha inchi 22 cha Full HD unaweza kukikaribia hadi sentimita 90, na 4K ya inchi 43 ni karibu sawa na hicho.

Kwa upande wa pili, asiye karibu lazima aandikiwe kwa herufi kubwa. Mwanafunzi aliye mita 5 kutoka kwenye kioo anahitaji herufi isiyopungua sentimita 3, ili irabu zake nazo zionekane bila kukaza macho. Pima kwa rula kwenye kioo chenyewe. Sisi hupima kila tunapoandaa somo jipya.

UMEME NA RADI

Televisheni ya LED ya inchi 32 haili umeme mwingi. Nyingi hutumia kati ya wati 30 na 60, kiasi cha chini kuliko CPU nyingi za zamani. La kuogopa ni umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu. Ukikatika, chomoa vyote, subiri utulie, ndipo uchomeke.

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria tunazijua radi zake. Antena iliyo juu ya bati ikiwa imechomekwa kwenye televisheni, na televisheni imeungwa na kompyuta, radi ikipiga jirani inaweza kuviharibu vyote kwa njia moja. Mawingu yakianza kufunga upande wa ziwa, chomoa umeme, chomoa na antena. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

KWA WAZAZI: NUNUA AU USINUNUE?

Wazazi wetu wengi hutegemea dagaa, na dagaa huvuliwa siku za giza, mwezi usipoonekana. Fedha inayopatikana kwa kukesha majini si ya kununulia kitu mara mbili. Kwa hiyo tunashauri hivi.

Kama televisheni ya HD ipo tayari nyumbani, na mtoto ataitumia kompyuta kwa saa chache, kwa kuandika kazi, kusikiliza masomo au kutazama matokeo yake ya mtihani, usinunue kioo kingine. Fuata hatua zile saba, uiache fedha ifanye kazi nyingine. Kununua kitu ambacho kazi yake inafanywa na ulichonacho ni israfu, nasi sote tunajua hukumu yake.

Kama yupo mtu atakayekaa mezani kila siku, sentimita 60 kutoka kwenye kioo, akiandika kutwa nzima, huyo mnunulieni kioo kidogo cha kompyuta cha inchi 19 hadi 22, hata kama kimetumika. Televisheni itamchosha.

Kama hamna chochote na mnataka kitu kimoja kifanye kazi zote mbili, basi tafuteni Full HD, wala msikubali neno "HD" peke yake. HD Ready si udanganyifu, ila ni daraja la chini, na muuzaji asiyefafanua humwacha mnunuzi adhani amepata la juu. Mwambie akuonyeshe kwenye boksi tarakimu 1920 x 1080. Ikiwezekana nenda dukani na kompyuta mpakato, ichomeke pale pale, andika neno moja lenye nukta, ulitazame kabla hujatoa fedha. Muuzaji mwaminifu hatachukia.

Tena kuna faida moja ambayo wazazi wengi hawaifikirii. Kompyuta ndogo chumbani huona aliye mbele yake tu. Kompyuta iliyoungwa na televisheni sebuleni huonwa na baba, mama, bibi na mgeni aliyekuja kuomba chumvi. Mtoto anayejifunza hapo hulindwa bila kulazimika kuchungwa. Jambo la kupanga ni zamu tu, ili aliye na mtihani asigombane na anayesubiri taarifa ya habari.

HITIMISHO

Wanafunzi wetu, mmeona kuwa televisheni inaweza kuwa kioo kizuri cha kompyuta ikiwa waya ni sahihi, kipimo ni chake, kingo hazikatwi, na mapambo yamepunguzwa. Hayo yote hayagharimu shilingi, isipokuwa waya.

Lakini nasi walimu tumepata somo letu, na tunaliandika hapa ili libaki. Mwanafunzi akikosea kile ambacho jana alikipata, kabla ya kumkemea nenda ukakae mahali pake utazame anachokiona. Yule kijana sasa ndiye msimamizi wa kompyuta yetu. Kila somo jipya linapoandaliwa, yeye hukaa nyuma kabisa ya darasa na kutusomea nukta moja moja, na somo halianzi mpaka aseme, "Ustadh, zote zinaonekana."